Muulize Fundi: Nani kauficha mwaka 2009?

Barua zote tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, kutafuta kwa amri za kuandika kwenye terminali. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ina bagi la kweli, yaani kosa la programu, ndani yake. Wengi wananiandikia "nimegundua bagi", nikifungua nakuta sheria ambayo mtu mwenyewe aliiweka akaisahau. Huyu ana vyote viwili, na vimemchanganya.

Swali. Dada Fundi, shikamoo. Natunza kumbukumbu za redio ya jamii huku Kanda ya Ziwa. Vipindi vya zamani vimeandikwa neno kwa neno kwenye mafaili ya maandishi, kila mwaka na folda yake. Mwenzetu aliyehama kazi alituwekea ripgrep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili (amri yake ni `rg`), kwenye kompyuta ya Ubuntu 22.04. Nikiwa kwenye folda kuu nikaandika `rg sangara`, mwaka 2009 haukutoka kabisa. Nikaandika `rg sangara vipindi`, mwaka 2009 ukatoka. Folda ni ileile, neno ni lilelile! Nimeshaandika rasimu ya malalamiko kwa watengenezaji kwamba programu yao inaficha mafaili. Niitume?
(Mtunza kumbukumbu, Mwanza)

Jibu. Marahaba mdogo wangu. Usiitume bado. Macho yako yameona sawasawa: amri mbili ambazo zilipaswa kukubaliana zimekataana. Ila rasimu yako inamshtaki asiye na hatia.

Tuanze na tabia ya chombo chenyewe. Mkongwe wa kazi hii ni grep, iliyoandikwa na Ken Thompson kwenye maabara ya Bell huko Marekani na kuonekana kwenye Unix mwaka 1973. Ukiipa grep folda kwa `grep -r`, inasoma kila inachokikuta. Ripgrep, ambayo Andrew Gallant aliitoa mwaka 2016, ilitengenezwa kwa ajili ya waandishi wa programu ambao folda zao zimejaa takataka za mashine. Kwa hiyo haisomi kila kitu. Inaruka mafaili yaliyofichwa, yaani yenye majina yanayoanza na nukta. Inaruka mafaili yasiyo ya maandishi. Inatii pia sheria zilizoandikwa kwenye faili la `.gitignore` ikiwa uko ndani ya hazina ya git (folda inayotunzwa na git, programu ya kuhifadhi historia ya mafaili), na zile za `.ignore` na `.rgignore` popote ulipo. Kasi yake inayosifiwa, sehemu yake inatokana na kutofanya kazi ambayo hukuitaka.

Ndiyo maana mtu akiniambia ripgrep imekosa faili, kabla ya kuuliza imeharibika wapi nauliza nani aliiambia isisome. Jaribio la haraka ni `rg -uuu sangara`. Hizo u tatu zinavua vizuizi kimoja kimoja: ya kwanza inafuta sheria za kuruka, ya pili inaruhusu yaliyofichwa, ya tatu inaruhusu yasiyo maandishi. Weka moja, angalia; ongeza ya pili, angalia. Pale faili linapojitokeza, umeshajua limezuiwa na tabaka gani. Kwako lilitokea kwa u moja tu, ulivyonijibu kwenye ujumbe wa pili. Basi ni sheria.

Sheria ipi? Hapo kuna kitu ambacho watu hawakitumii vya kutosha:

`rg --debug sangara 2>&1 | grep 2009`

Ripgrep ikiombwa hivyo inasema kila ilichokiruka na sababu yake, pamoja na jina la faili ambamo sheria imetoka. Maelezo ni mengi na hayapendezi macho, kwa hiyo nayapitisha kwenye grep. Ulinitumia mstari uliopata: umetaja `.ignore` ya kwenye folda kuu na sheria `/vipindi/2009`. Ukampigia simu mwenzenu aliyehama, akasema aliiweka mwenyewe kwa sababu maandishi ya 2009 yalikuwa hayajahaririwa, hakutaka yatumike hewani kwa bahati mbaya. Sababu nzuri kabisa. Angemwambia mtu, lakini hilo ni la ofisi yenu.

Sasa geuza macho. Kama sheria inasema mwaka 2009 usisomwe, basi amri yako ya kwanza, ile uliyoilaumu, ndiyo iliyofanya kazi vizuri. Iliyokosea ni ya pili, ile iliyokufurahisha. `rg sangara vipindi` ilipaswa kunyamaza vilevile. Mwongozo wa ripgrep unasema faili ukilitaja wewe mwenyewe kwa jina, sheria za kuruka haziangaliwi. Ungeandika `rg sangara vipindi/2009/juni.txt` ingesoma, na ingekuwa na haki. Lakini hukutaja faili. Ulitaja folda ya juu, na ndani yake sheria zilipaswa kuendelea kutawala.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi ninaowaheshimu. Wao wanasema bagi ni programu kutoa jibu ambalo hukulitarajia. Mimi nasema matarajio yako hayahusiki, kwa sababu hata mimi nina matarajio ya ajabu. Bagi ni programu kuvunja ahadi iliyoandikwa kwenye mwongozo wake, au kujipinga yenyewe. Yako imejipinga: sheria moja, faili moja, majibu mawili kulingana na jinsi ulivyoandika amri. Hilo nalikubali kuwa bagi bila kubishana.

Hatua inayofuata ndiyo watu wanaikimbia, nayo ni kupunguza. Mtengenezaji hawezi kuja Mwanza kuangalia folda zenu, wala hutaki kumtumia maandishi ya vipindi vyenu. Inabidi utengeneze kisa kidogo kisichohitaji chochote chako. Ni kazi ya kupepeta: unatupa kitu kimoja, unajaribu, tatizo likibaki unatupa kingine. Nikatupa miaka mingine yote. Tatizo likabaki. Nikatupa majina ya folda nikaweka herufi. Likabaki. Mwisho wake nilibaki na hiki, ambacho unaweza kukiandika sasa hivi:

`cd "$(mktemp -d)"`
`mkdir -p a/b`
`echo sangara > a/b/x.txt`
`echo /a/b > .ignore`
`rg sangara`
`rg sangara a`

Kwenye toleo la 13.0.0, lile ambalo Ubuntu 22.04 inakupa, amri ya tano inanyamaza na ya sita inaonyesha sangara. Mistari sita, hakuna redio, hakuna 2009, na yeyote duniani mwenye toleo hilo ataona unachokiona.

Kisa kikishakuwa kidogo hivi kinaanza kukujibu maswali yenyewe. Nilibadilisha sheria kutoka `/a/b` ikawa `b` tu, amri mbili zikapatana: zote kimya. Tofauti ni nini? Sheria `b` inasema "chochote kinachoitwa b, popote". Sheria `/a/b` imefungwa mahali: inahesabiwa kuanzia kwenye folda lilimo faili la `.ignore`. Sasa wewe unapoanzia safari kwenye `a`, programu inabidi ipande juu, iikute `.ignore` kwenye folda mama, kisha ijue kila faili liko wapi ukilipimia kutoka kule juu, wala si kutoka ulikoanzia. Hesabu hiyo ya njia ndiyo iliyokuwa inapotea. Sheria ya `b` haihitaji hesabu, kwa hiyo haikuguswa. Sikuhitaji kufungua hata mstari mmoja wa Rust, lugha ambayo ripgrep imeandikwa kwayo, kujua bagi limejificha upande gani.

Kabla ya kuandika ripoti kuna mambo mawili. Kwanza hakikisha unachokiendesha ni ripgrep tupu. Andika `type rg` uone kama kuna mtu aliyelibatiza jina hilo kwa amri nyingine, kisha endesha `rg --no-config`, kwa sababu ripgrep inaweza kuwa inasoma faili la mipangilio linalotajwa na `RIPGREP_CONFIG_PATH` bila wewe kujua. Mrithi wa kompyuta ya mtu mwingine asiruke hatua hii. Pili, tafuta kwenye orodha ya ripoti za mradi kama kuna aliyekutangulia. Kwako wapo, na si mmoja: watu kadhaa waliripoti sura mbalimbali za kosa hili la sheria kutoka folda za juu, kwa miaka. Lilirekebishwa kwenye toleo la 15.0.0 la Oktoba 2025. Nimeendesha mistari yangu sita kwenye toleo hilo, amri zote mbili za kutafuta zimenyamaza kama inavyotakiwa.

Kwa hiyo rasimu yako iweke pembeni. Andika `rg --version` ujionee. 13 ni ya zamani, na hata Ubuntu 24.04 inatoa 14.1.0, ambayo haina marekebisho haya. Toleo jipya lichukue kwenye ukurasa wa mradi wenyewe, kuna kifurushi cha `.deb`, au kwa `cargo install ripgrep` kama mna Rust.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Ukisasisha bila kugusa `.ignore`, mwaka 2009 utatoweka kwenye amri zote mbili, na utaniandikia tena kwa ukali zaidi. Amueni kwanza kama maandishi yale yameshahaririwa. Kama tayari, futa ule mstari. Kama bado, uacheni, na mwenye shida nayo atumie `rg -u` akijua anachokifanya.

Siku utakapokutana na bagi ambalo halijaripotiwa, tuma hivi: toleo, umelipataje, mfumo wa kompyuta, mistari ya kulizalisha, ulichokiona, ulichokitarajia na kwa nini. Neno "inaficha" liondoe. Linamfanya msomaji aanze kujitetea kabla hajafika kwenye ushahidi.

Swali. Hujambo Fundi. Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa. Tuna ripoti za madaktari wa mifugo za miaka mingi, nyingine ziliandikwa kwenye Windows za kitambo. Nilipotafuta ng'ombe kwa grep, mwanzo ilinigomea, ikaweka alama ya `>` ikanyamaza. Kijana wa jirani akanionyesha kuweka nukuu mbili. Sasa inaorodhesha mistari michache halafu inasema `binary file matches` na kuacha. Kuna ripoti zingine hazitoi kitu ilhali ninaona ng'ombe kwa macho yangu. Grep imeharibika?
(Karani, Nyandarua)

Jibu. Sijambo, karani. Grep ni nzima. Ila lugha yetu ina kale kaalama kadogo katikati ya ng'ombe, na kompyuta ina njia nyingi za kukaandika.

Kugoma kwa mwanzo kulikuwa kwa bash, programu inayopokea amri unazoandika, hata grep haijaanza. Bash ikiona `'` inadhani umefungua nukuu, inakusubiri uifunge. Kijana wa jirani yuko sahihi, `"ng'ombe"` inatosha.

Orodha kukatika njiani ni jambo zito zaidi, kwa sababu unaweza kupeleka hesabu ya nusu kwenye mkutano. Mafaili ya Windows za zamani mara nyingi yako kwenye mpangilio wa herufi unaoitwa Windows-1252. Humo nukuu za kupinda, zile Word inaziweka yenyewe, ni baiti 0x93 na 0x94. Kompyuta yako ya leo inasoma mpangilio mwingine, UTF-8, na katika UTF-8 baiti hizo haziwezi kusimama peke yake. Grep ya GNU ikikuta mstari inaotaka kukuonyesha una baiti ya namna hiyo, inaamua faili si la maandishi, inatoa ule ujumbe na kuacha kuonyesha mengine. Linganisha: `grep -c "ng'ombe" ripoti.txt` itakupa idadi kamili ya mistari, kubwa kuliko uliyoiona. Tahadhari nyingine kwa wenye skripti: kuanzia grep 3.5 ya mwaka 2020 ujumbe huo unapita kwenye njia ya makosa. Kabla ya hapo ulipita pamoja na matokeo, na waliokuwa wakihesabu kwa `wc -l`, amri ya kuhesabu mistari, walikuwa wanauhesabu kama ng'ombe.

Ukitaka kuona mistari yenye matatizo:

`grep -naxv '.*' ripoti.txt`

Inaonyesha mistari ambayo si UTF-8 halali, na namba zake. Dawa ya dharura ni `grep -a`, inayolazimisha faili lisomwe kama maandishi. Dawa ya kudumu ni kubadilisha:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 ripoti.txt > mpya.txt`

Usibadilishe faili ambalo tayari ni UTF-8, litajaa vitu kama â€™. Lijaribu kwanza kwa `iconv -f UTF-8 -t UTF-8 ripoti.txt > /dev/null`. Likinyamaza, liache lilivyo.

Sasa zile ripoti unazoziona kwa macho na grep haizioni. Unapoandika ng'ombe kwenye Word, mara nyingi inakubadilishia alama iliyonyooka kuwa ya kupinda, ’. Kwa jicho la karani ni kitu kimoja. Kwa grep ni herufi tofauti kama a na e. Ukishabadilisha mafaili yote kuwa UTF-8, tafuta zote kwa pamoja:

`grep -E "ng('|’|‘)ombe" *.txt`

Kuna wanaopenda kuandika `ng['’‘]ombe` kwa mabano ya mraba, ni fupi zaidi. Mimi siitumii kwenye skripti. Mabano ya mraba yanachagua herufi moja, na kwenye kompyuta ambayo mpangilio wake wa lugha umewekwa C (si ile lugha ya kuandikia programu), kama inavyotokea mara nyingi kwenye kazi zinazojiendesha usiku kwa cron, herufi moja maana yake ni baiti moja. Alama ya ’ kwenye UTF-8 ina baiti tatu. Basi mchana ukijaribu kwa mkono inafanya kazi, usiku inakosa, na asubuhi hakuna anayekuamini. Yale mabano ya mviringo yenye vijiti yanafanya kazi mchana na usiku. Hayo yanahusu pia ng'ambo, ng'oa na kila ndugu yao, na usishangae `grep -w ombe` ikikuletea ng'ombe wazima: kwa grep, ile alama si sehemu ya neno, kwa hiyo inaona ombe imesimama peke yake.

Swali. Assalaam aleikum. Mie mwanafunzi. Jana `find . -name *.txt` ilinifanyia kazi, leo inaniambia `paths must precede expression`. Sikubadilisha kitu. Bagi?
(Mwanafunzi, Unguja)

Jibu. Waaleikum salaam, mwanangu. Umebadilisha folda, au umeongeza mafaili kwenye ileile. Bash huifungua nyota, yaani huibadilisha kuwa majina ya mafaili yanayolingana nayo, kabla find, amri ya kutafuta mafaili, haijaiona. Jana mahali uliposimama hapakuwa na faili la `.txt`, bash ikakosa cha kuweka, ikaipitisha nyota kama ilivyo. Leo yapo mawili au zaidi, find imepokea majina kadhaa mahali inapotarajia moja, ikalalamika.

Shukuru imelalamika. Lingekuwapo faili moja tu, kwa mfano `maelezo.txt`, find ingetafuta jina hilo peke yake kwenye folda zote bila kukuambia neno, nawe ungeamini huna mafaili mengine. Weka nukuu: `find . -name '*.txt'`. Ukiwa na shaka na amri yoyote yenye nyota, tanguliza `echo` mbele yake uone bash inapeleka nini hasa. Wenye Mac wanaotumia zsh hukutana na sura nyingine ya jambo hilihili: zsh ikikosa cha kuweka inakataa yenyewe kwa `no matches found`, na find haiitwi kabisa.